Minyoo Hai ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu Tulizo alikuwa na minyoo hai ndani ya ubongo, mimi nilikuwa na iliyokufa, na nilimwonea wivu. Najua mtu asiyepitia tuliyoyapitia akisoma hivyo ataona nimechanganyikiwa. Lakini wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki ya kifafa, ukahesabu vigae vya sakafu mpaka ukavimaliza huku jina lako halijaitwa, naamini utanielewa. Nakuandikia wewe.

Naitwa Edina. Nakaa Nyololo, barabarani, pale malori yanaposimama madereva wapate kula. Kazi yangu ni kitimoto. Nachinjisha nguruwe, nakaanga, nachoma, nakata kachumbari, na mtu akikaa kwenye meza yangu haondoki na njaa. Kifafa kilinianza nikiwa na miaka ishirini na sita, nikaangukia jiko, na mkono wangu wa kushoto mpaka leo ngozi yake imejikunja kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Mume wangu alivumilia mianguko mitatu. Baada ya wa nne akasema anakwenda Makambako mara moja kumsalimia mama yake. Mpaka leo anamsalimia.

Watu walinikimbia. Nikianguka, wateja waliacha nyama mezani wakatoka nje, maana walikuwa wanasema povu la mgonjwa likikugusa nawe unakipata. Nikizinduka nakuta nimelala peke yangu sakafuni, nguo imelowa, na kuku wa jirani anadonoa ndizi zangu. Nilikuwa nagombana nao kila mara. "Kifafa hakiambukizi!" nilikuwa nawaambia. "Kingekuwa kinaambukiza, nyie wote mngekuwa mnagaragara hapa!" Nilikunywa vidonge vyangu kila jioni, vikanifanya mzito na msahaulifu, nikavikubali hivyo hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Mama alipofariki nilimchukua Tulizo tukae naye. Ananipita kwa kila kitu. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na minne, sauti yake nzuri, mcheshi, na madereva walianza kuagiza nyama kwake hata kama mimi ndiye niliyesimama mbele yao. Kisha akapata mchumba, Agrey, fundi seremala wa Mafinga, kijana mtulivu ambaye akija kwangu anasalimia kwa mikono miwili. Posa ikaletwa. Nilifurahi kama dada anavyopaswa kufurahi, na usoni nilijitahidi sana.

Halafu mwaka juzi, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Tulizo akaanguka kanisani, katikati ya wimbo, akiwa amevaa sare ya kwaya.

Nikuambie kilichoniuma siku ile. Kumwona mdogo wangu akitetemeka kwenye sakafu ya kanisa kuliniuma, ndiyo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekimbia. Walimlaza ubavu, mama mmoja akamfunika kitenge chake mwenyewe, kwaya ikaendelea kuimba taratibu mpaka akafumbua macho. Agrey alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo, akakaa naye uani, akamshika mkono. Mimi nilisimama mlangoni na mkono wangu wenye makovu nikasema moyoni: kumbe watu wa hapa wanajua kumshika mgonjwa. Walikuwa hawataki tu kunishika mimi.

Wiki iliyofuata maneno yakaanza mtaani. Edina kamwambukiza mdogo wake. Nikatoka na mwiko mkononi nikawatukana wote, kifafa hakiambukizi, hakiambukizi, mpaka sauti ikakauka.

Kwenye kliniki yetu walikuja watu wa utafiti kutoka Mbeya. Walikuwa wanataka wagonjwa wa kifafa kutoka maeneo ya wafuga nguruwe, wapigwe picha za ubongo, maana ilishagundulika kwamba wengi wetu huku kifafa chetu kinatokana na tegu, mnyoo wa nyama ya nguruwe. Tulikubali wote wawili, tukaweka saini, na mwezi wa saba, ukungu ukiwa umefunika Mufindi yote, tukapanda basi la Mbeya.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na benchi refu la mbao na dirisha lisilofungika vizuri. Baridi ya Mbeya iliingia hapo ikakaa na sisi. Tulisubiri tangu asubuhi. Tulizo alipitiwa na usingizi begani kwangu, na mzee mmoja wa Kisafwa akatugawia karanga zake bila kutuuliza majina. Mchana tukaingizwa kwenye mashine, mmoja mmoja. Siku ya pili tukaitwa pamoja.

Daktari alikuwa kijana, anaongea polepole. Akatuonyesha picha ya Tulizo kwenye kioo cha kompyuta. Kulikuwa na vifuko vidogo vya mviringo, saba, na ndani ya kila kimoja nukta.

"Hivi viko hai," akasema. "Hiyo nukta ndiyo kichwa cha mnyoo mchanga. Habari njema ni kwamba vinatibika. Zamani tulikuwa tunatoa dawa moja, siku hizi utafiti umeonyesha kwamba mwenye vifuko vingi kama Tulizo akipewa mbili kwa pamoja vinakufa vizuri zaidi. Atalazwa tumwangalie, kisha taratibu anaweza hata kuacha vidonge vya kifafa."

"Na mimi?"

Akaweka picha yangu. Vidoa vyeupe, vikavu, vimetawanyika kama mtu amemwaga chumvi.

"Vyako ni vya zamani, mama. Vilishakufa vyenyewe, vimebaki kovu gumu kama chokaa. Dawa ya kuua haina cha kuua hapo."

"Kwa hiyo mimi sina dawa?"

"Unayo. Hiyo hiyo unayokunywa. Uendelee nayo."

Tulizo alinishika goti. Nikaondoa goti langu. Miaka kumi na miwili nimeungua, nimekimbiwa, nimeachwa. Yeye ana miezi sita ya ugonjwa, na dawa mpya imekuja kumkuta mlangoni. Nilitamani yangu iwe hai. Kwa kweli nilikaa kwenye kile kiti nikatamani minyoo.

Alilazwa, na mimi nikawa mwuguzaji wake. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, kwa sababu minyoo ikifa ubongo unavimba, kichwa kinauma na mianguko inazidi. Nilimwogesha, nilimlisha uji, nilimshikia beseni. Kila asubuhi madaktari watatu walisimama kwenye kitanda chake wakiulizana maswali kwa sauti ya chini, wakaandika kila kitu alichosema. Mimi miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza ninahisi nini kabla ya kuanguka. Dawa ya kupunguza uvimbe ilimfanya uso ujae, mashavu yakawa mviringo, akaomba kioo akalia. Nilimwambia pole. Ndani nilifurahi, na nalisema hapa kwa sababu nimeamua kusema yote.

Siku ya kuruhusiwa, nesi wa utafiti, Subira, mwanamke wa Tukuyu mwenye kicheko kikubwa, alituita pembeni akatupa vichupa viwili vyenye vifuniko.

"Hivi ni vya choo kikubwa," akasema. "Kila anayekula chungu kimoja na mgonjwa lazima apimwe. Mnajua huyu mdudu anavyozunguka? Mtu anakula nyama ya nguruwe yenye punje nyeupe za minyoo, haijaiva, anapata tegu tumboni. Hajisikii kitu, anaishi naye tu. Tegu anataga, mayai yanatoka na choo, mtu hakunawa vizuri, anashika chakula. Atakayekula yale mayai ndiye anapata vifuko kichwani. Hata mwenye tegu mwenyewe anaweza kujilisha hayo mayai. Nani anapika nyumbani?"

"Mimi," nikasema.

"Basi hasa wewe, dada."

Hasa wewe. Nilimwangalia na kilemba chake cheupe, nikaona ananiambia mimi mchafu mbele ya mdogo wangu. Hawana dawa yangu, lakini kinyesi changu wanakitaka! Dawa apewe Tulizo, pole apewe Tulizo, mchumba abaki na Tulizo, na mimi nichangie kichupa. Nilikiweka kwenye mkoba.

Subira alikuja Nyololo kwa pikipiki baada ya siku chache kuvichukua. Asubuhi ile nilikwenda bandani nikachota mavi ya nguruwe kwa kijiti, nikajaza kichupa changu, nikakifunga, nikakifuta vizuri kwa karatasi. Nilimkabidhi nikitabasamu. Aliponishukuru nilikaribia kucheka.

Majibu yakaja kwa simu: wote wawili hatuna tegu. Tulizo alishangilia. "Umeona, dada? Nilijua. Wewe ni msafi kuliko wote hapa." Nikamwambia anipishe, nina nyama jikoni.

Nyama hiyo niieleze, maana ndipo penye kosa langu na la wenzangu wengi wa kazi hii. Mpikaji wa kitimoto anaonja. Kipande kikishabadilika rangi tu, damu bado iko ndani, unakichomoa kwenye kikaango ukitafuta chumvi. Unaonja tena, na tena. Mteja anapata iliyoiva, wewe unakula mbichi siku nzima. Ukitoka chooni kuna wateja wanapiga meza, unamwagia mikono maji ya baridi haraka haraka, sabuni iko mbali, unarudi kukata kachumbari. Tulizo alipenda kachumbari yangu kuliko nyama yenyewe. Nilikuwa namwekea bakuli lake pembeni kabla sijawapa wateja, hata siku nilizokuwa nimemkasirikia.

Miezi ikaenda. Mahindi yakapandwa, mvua zikaja, Tulizo hakuanguka. Uso wake ukarudi. Akarudi kwaya, na tarehe ya harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Mimi nilianguka mara mbili katika muda huo, mara moja nikiwa nimebeba ndoo ya maji, na yeye ndiye aliyenilaza ubavu, akanifuta mdomo, akakaa nami mpaka nikajitambua. Nilipomwona ameinama juu yangu, mzima, nywele zimesukwa kwa ajili ya mchumba, sikusema asante.

Kisha akaanguka. Wiki tatu kabla ya Pasaka, akianua nguo.

Tukarudi Mbeya, benchi lile lile. Daktari aliangalia picha mpya kwa muda mrefu, akaiweka pembeni ya ile ya kwanza.

"Vile saba vimekwisha, angalieni, vimesinyaa," akasema. "Lakini hivi vitatu ni vipya. Havikuwepo. Maana yake ni kwamba baada ya matibabu ameendelea kula mayai. Kuna mtu mwenye tegu karibu sana naye. Nani mwingine anapika hapo nyumbani?"

"Anapika dada peke yake," Tulizo akajibu haraka. "Lakini yeye alipimwa, daktari, hana. Dada yangu ni msafi, msimfikirie yeye. Labda ni mimi nilipokula kwenye msiba kule Mafinga."

Alikuwa ananitetea. Alikuwa na vifuko vitatu vipya kichwani, harusi yake inayeyuka, na ananitetea mimi mbele ya daktari kwa bidii ile ile niliyokuwa natetea kifafa mtaani. Nilisema naomba kutoka. Nikakaa kwenye benchi. Nikadhani naanguka, nikasubiri nianguke, nisianguke.

Tulizo alinifuata. "Dada, vipi? Umekunywa dawa?"

"Kile kichupa hakikuwa changu."

"Kichupa gani?"

"Cha Subira. Sikuweka choo changu."

"Uliweka cha nani?"

"Cha nguruwe."

Alicheka. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, mzee mmoja akageuka kutuangalia. Kisha kikakatika, na nikauona uso wake ukielewa, hatua kwa hatua, kutoka kichupa mpaka bakuli.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakuonea wivu."

"Wivu wa nini, dada? Wa kuumwa?"

"Wa kupona."

Hakulia. Alitengeneza khanga yake vizuri mabegani. "Nenda ukamwambie Subira," akasema. "Nenda mwenyewe. Mimi siendi na wewe."

Nilikwenda. Subira hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alifungua kabati, akanipa kichupa kingine, akanyoosha kidole kwenye mlango wa choo. Majibu yalipotoka nilikuwa na tegu. Nikapewa dawa, nikaambiwa nikusanye kila kitakachotoka, na siku iliyofuata nikamwona: mweupe, bapa, mrefu kama utepe wa fundi cherehani, pingili kwa pingili. Nilikuwa nikila naye sijui kwa miaka mingapi. Yeye ndiye aliyeniunguza mkono. Yeye, kwa mikono yangu, ndiye aliyemwangusha Tulizo kanisani.

Nilifunga biashara mpaka nilipothibitishwa kuwa salama. Wateja wangu wa kila siku waliitwa kupimwa, na nilikwenda mwenyewe mtu kwa mtu kuwaeleza sababu. Majibu yao ni yao, si yangu kuyaandika. Wengine walinitukana kwa maneno niliyostahili. Nilishindwa hata kuwajibu kwamba kifafa hakiambukizi, ingawa ni kweli kabisa: povu halikupi kifafa, wala kumshika mgonjwa. Unaoambukiza ni uchafu wa choo, na ule uliokuwa mikononi mwangu ulianzia kwenye nyama mbichi.

Tulizo alihama. Alikwenda Iringa kwa shangazi yetu anayekaa Mlandege, na harusi ikaahirishwa. Agrey hakuvunja uchumba. Tulizo alipolazwa tena Mbeya kwa matibabu ya pili hakuniita. Alimwita shangazi awe mwuguzaji wake. Mimi nilikwenda hata hivyo, nikapanga chumba Mwanjelwa, na kila siku nikakaa nje ya wodi kwenye benchi. Safari hii niliyemwonea wivu alikuwa shangazi. Alikuwa anamwogesha, anamshikia beseni, anasikia anachosema akiwa na maumivu. Kazi niliyoifanya mara ya kwanza nikiwa nimekunja uso, sasa ningeifanya kwa magoti.

Siku ya nne shangazi alitoka na furushi.

"Kamwene, Edina."

"Kamwene, shangazi."

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Akaniwekea furushi mapajani. "Haya. Zifue hizi nguo zake. Uzianike juani, usizilete na unyevu."

Sijawahi kufua nguo kwa furaha vile. Nilizipiga pasi mpaka soksi. Kama una mgonjwa uliyemkosea na bado wanakupa hata nguo zake ufue, zipokee, usiulize kwa nini hukupewa zaidi.

Na kama wewe ndiye uliyekaa kwenye benchi, na mwenzako ameitwa kwenye dawa mpya ukaachwa na ya zamani, sitakuambia usione wivu. Utaona. Mimi niliona na bado naona, kwa sababu vidonge vyangu vya jioni viko pale pale. Ila wivu wako usiuingize kwenye vipimo. Ukipewa kichupa, weka cha kwako. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni, hata kama meza zinapigwa. Nguruwe wafungie bandani, choo kifunike, nyama iive mpaka ndani, na chumvi uionje kwenye mchuzi uliochemka.

Picha ya mwisho ilipigwa mwaka huu, mahindi yakiwa yamekomaa. Tulizo mwenyewe alinitumia ujumbe kwamba kama nina nafasi nije. Tulikaa benchi moja, yeye, shangazi katikati, na mimi. Alipoitwa aliingia na shangazi, nikabaki. Alipotoka nilijua kabla hajasema. Vifuko vyote vimekwisha. Vidonge vya kifafa ataanza kupunguziwa, na mambo yakienda vizuri ataviacha. Shangazi akaenda kumpigia Agrey simu, tukabaki wawili.

"Dada, unanionea wivu?"

"Ndiyo."

"Hata leo?"

"Leo kuliko siku zote."

Alitingisha kichwa, akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mteja akiambiwa nyama imebaki ya mifupa tu.

"Harusi ni mwezi wa tisa," akasema. "Nataka uje. Utakaa mbele na ndugu, utavaa sare tuliyochagua, na kwenye zawadi utanishika mkono wewe, si mwingine. Nimeshamwambia Agrey."

"Nitakuja."

"Lakini jikoni usiingie."

Kwetu dada mkubwa ndiye anayesimamia masufuria ya harusi ya mdogo wake. Watu wataniona nimekaa mbele, nimevaa vizuri, na wote watajua kwa nini sina mwiko. Kwenye mkoba, juu ya magoti yangu, nilikuwa na karatasi mbili za vipimo zenye mhuri, za miezi tofauti, zinazosema sina tegu. Nilikuwa nimezibeba toka Nyololo ili nimwonyeshe.

Nilimwambia sawa, na mkoba sikuufungua.